Windows, Linux au macOS: ipi itunze saa ya kazi yako Malindi?

Mtu anayenunua kompyuta ya duka, ya mapokezi ya hoteli au ya maabara ya shule hapa Malindi huuliza bei, ukubwa wa diski na kama itaendesha programu anazozitaka. Habari za saa haziulizi. Kisha siku inafika: mgeni anashikilia kwamba alilipa saa nne asubuhi, ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake unamuunga mkono, na risiti ya kompyuta inasema saa saba mchana. Au mwenye chumba cha barafu anataka kujua samaki wake walikaa muda gani bila stima usiku, na mashine inayorekodi joto inamjibu kwa tarehe ya miaka mingi iliyopita. Fedha za mmoja na samaki wa mwingine vinategemea saa ambayo hakuna aliyeichagua.

Hapa nalinganisha mifumo endeshi mitatu ambayo watu wa pwani hukutana nayo, yaani Windows, Linux na macOS, kwa jambo hilo tu: inavyotunza saa, na inavyohesabu muda iliokaa ikiwaka. Maoni yangu yatajitokeza njiani, lakini sioni mmoja unaomfaa kila mtu. Linaloamua ni swali utakaloulizwa na mteja, mkaguzi au tajiri wako: jambo lilitokea lini, au lilichukua muda gani? Hayo ni maswali mawili, na kompyuta huyajibu kwa saa mbili tofauti.

Saa mbili ndani ya mashine moja

Ya kwanza ni saa ya tarehe. Mashine ikiwa imezimwa, saa hii hutunzwa na sakiti ndogo kwenye ubaomama (motherboard), inayolishwa na betri bapa ya volti 3, ile iliyoandikwa CR2032. Inafuata mapigo ya fuwele ya kwazi kama iliyomo katika saa za mkono, inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ina sababu: ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, na kugawa kwa mbili ndiyo kazi nyepesi kuliko zote kwa sakiti. Fuwele ya kawaida inayokosea sehemu 20 kwa milioni hupoteza au kuongeza karibu sekunde 1.7 kwa siku, na joto hubadilisha mwendo wake. Mfumo endeshi unapowaka huisoma saa hiyo, kisha huendelea kuhesabu wenyewe.

Ya pili ni kaunta. Huanza mfumo unapowaka na hupanda tu, hairudi nyuma hata mtu akibadilisha tarehe kwenye skrini. Kwa kaunta hiyo mfumo hujua umewaka kwa muda gani, na programu zilizoandikwa vizuri huitumia kupima muda. Saa ya tarehe inaweza kusogezwa na mtu, na intaneti, au na betri iliyokufa. Kwa hiyo kuchukua saa ya mwisho ukatoa saa ya mwanzo kunaweza kukupa jibu la uongo, hata hasi, kama katikati yake saa ilisahihishwa.

Vigezo vyangu basi ni vinne. Stima zikirudi, mfumo unaanzia tarehe gani? Intaneti ikiwa ya kubahatisha, saa inasahihishwaje? Muda wa kuwaka unahesabiwaje, hasa mashine inapolala? Na mashine ikizimika ghafla, unabaki na ushahidi gani?

Stima zikirudi

Kabla ya kulaumu mfumo wowote, badilisha betri ya ubaomama. Ni kitu cha bei ndogo, na hewa ya chumvi ya hapa hula viunganishi vya chuma. Kompyuta ya mezani ambayo kila stima zikipotea inaamka na tarehe ya zamani karibu kila mara inadai betri hiyo.

Windows huiandika saa ya ubaomama kwa saa ya hapa, Nairobi. Linux na macOS huiandika kwa saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kisha huongeza tatu wakati wa kuionyesha. Katika nchi zinazosogeza saa kwa majira, desturi ya Windows huleta usumbufu mara mbili kwa mwaka. Kenya haisogezi saa, kwa hiyo mwenye Windows peke yake hatahisi kitu. Anayeumia ni aliyeweka Windows na Linux kwenye mashine moja. Akitoka Windows kuingia Linux, saa inaruka saa tatu mbele. Linux ikiirekebisha na yeye akirudi Windows, inabaki saa tatu nyuma. Ukikuta tofauti ya saa tatu kamili baina ya risiti na M-Pesa, shuku hapo kwanza. Dawa ninayoipendelea ni kuifundisha Windows isome saa ya ulimwengu kwa kuweka thamani ya RealTimeIsUniversal kwenye rejista yake (registry, hazina ya mipangilio ya Windows), maana Linux hufanya kazi vizuri zaidi ikiachiwa desturi yake.

Betri ikifa kabisa, Windows huikubali tarehe ya ubaomama na kungoja intaneti. Linux ina kinga moja ninayoithamini sana: huduma ya systemd-timesyncd, iliyomo katika matoleo mengi, huhifadhi saa ya mwisho kwenye faili. Mashine ikiamka na saa iliyo nyuma ya faili hiyo, inaisogeza hadi pale. Muda uliopita gizani hautajulikana, lakini angalau rekodi za leo hazitaandikwa kabla ya za jana. Kinga hii ndiyo inayozisaidia Raspberry Pi, kompyuta ndogo zisizokuwa na saa ya betri kabisa hadi ilipotoka Raspberry Pi 5 mwaka 2023, na hata hiyo betri yake hununuliwa peke yake.

Kwa macOS, nguvu iko kwenye chuma kuliko programu. MacBook inabeba betri kubwa, basi stima zikipotea haizimiki, na saa yake haina habari. Taabu huja ikiachwa kabatini hadi betri ikauke. Hapo tarehe hurudi miaka mingi nyuma na tovuti zinakataa kufunguka, kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Mac za mezani zina chaguo la kujiwasha zenyewe stima zikirudi, kwenye mipangilio ya nishati. Kompyuta nyingi za mezani za Windows na Linux zinalo pia, ila hupatikana kwenye mipangilio ya ubaomama kabla mfumo haujawaka.

Intaneti ya kubahatisha

Mifumo yote mitatu husahihisha saa kwa itifaki ya NTP, ambayo David Mills, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, aliiandikia maelezo rasmi mwaka 1985. Mashine hutuma swali kwa seva ya saa, hupima muda wa kwenda na kurudi, na kuchukulia kwamba njia zote mbili ni sawa. Mtandao wa simu ukilemewa, kwenda huweza kuwa haraka na kurudi kwa mwendo wa kobe, na nusu ya tofauti hiyo inakuwa kosa la saa. Kwa duka halina maana. Wala usiogope bando: swali lenyewe ni baiti 48 tu, bila kuhesabu bahasha ya mtandao.

Windows huuliza time.windows.com. Zamani, enzi za XP, ilikuwa mara moja kwa wiki. Jambo ambalo wengi hawalijui ni mpaka wake: kwenye mashine isiyo ndani ya mtandao wa kampuni, huduma ya saa kwa kawaida inakataa kusahihisha tofauti inayozidi saa 15. Mashine iliyorudi miaka kumi nyuma inaweza basi kuwa na intaneti nzuri na bado ikabaki na tarehe mbovu, hadi mtu aisogeze kwa mkono karibu na tarehe ya kweli kisha abonyeze kusawazisha. Tangu mwishoni mwa 2015 Windows 10 ina njia ya ziada, ya kupata fununu ya tarehe kutoka miunganisho salama ya tovuti. Husaidia katika hali kama hiyo, ingawa wasimamizi wa seva wamewahi kuilalamikia kwa kurusha saa zao mahali pasipotarajiwa.

Linux hapa ina wigo mpana. Ile systemd-timesyncd huuliza kila sekunde 32 mwanzoni, kisha hupunguza hadi kila dakika 34 hivi saa ikitulia. Lakini kwa Malindi, chaguo langu ni programu ya chrony. Iliundwa ikijua kwamba mashine huzimwa na mtandao hukatika. Hujifunza fuwele ya mashine yako inakimbia au inachelewa kwa kiasi gani, huandika kasoro hiyo kwenye faili, na kuendelea kuirekebisha hata mtandao ukiwa haupo. Tofauti ndogo huiziba polepole badala ya kuirusha saa ghafla. Na saa ikishasawazishwa, kiini cha Linux (kernel, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo) huweza kuiandika tena saa ya ubaomama kila dakika 11, kwa hiyo stima zikipotea saa ya betri inaanzia mahali pazuri.

macOS huuliza time.apple.com, na kazi hiyo hufanywa na huduma iitwayo timed tangu toleo la 2017. Inafanya vizuri bila kuguswa. Ukitaka kuichezea sana, milango ni michache.

Kuna njia isiyohitaji intaneti hata kidogo, nayo ni setilaiti za GPS, ambazo kila moja imebeba saa za atomiki. Sisi wa huku tuna sababu ya kuzizoea habari za setilaiti: Ngomeni, kaskazini mwa mji, kuna kituo cha anga cha Waitalia, na kwenye jukwaa lake la baharini ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Kipokezi kidogo cha GPS cha kuchomeka kwenye USB hutoa saa bure. Linux hukipokea kwa programu za gpsd na chrony. Windows na macOS zinahitaji programu ya mtu mwingine. Paa la mabati huzuia mawimbi hayo, basi kiweke dirishani.

Muda wa kuwaka

Ni katika kigezo hiki watu hudanganyika zaidi, na Windows ndiyo inayowachanganya wengi. Fungua Task Manager, sehemu ya utendaji, chini ya CPU, utaona muda wa kuwaka. Mwenye saiba anayezima mashine kila jioni akikuta siku 12 pale hudhani kuna aliyeingia usiku. Hakuna. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna Fast Startup: ukibonyeza kuzima, vitu vyako hufungwa lakini kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski, kesho kikaamshwa kilipoishia. Kaunta inaendelea, na muda wa kulala unahesabiwa ndani yake. Ukichagua Restart ndipo inaanza upya. Stima zikikatika ghafla pia inaanza upya, na hilo lina faida: namba ndogo isiyotarajiwa asubuhi ni habari kwamba usiku kulitokea jambo.

Linux hukujibu kwa amri ya uptime: saa ya sasa, muda wa kuwaka, watumiaji, na wastani wa mzigo kwa dakika 1, 5 na 15 zilizopita. Chanzo ni faili ya /proc/uptime yenye namba mbili, sekunde tangu kuwaka na sekunde ambazo vichakata vilikaa bila kazi. Usishangae ya pili ikizidi ya kwanza. Kila kiini cha kichakata (core) huhesabiwa chake. Linaloipandisha Linux machoni pangu ni uwazi wake kwa waandishi wa programu: kuna saa ya tarehe inayoweza kurushwa, kuna kaunta isiyohesabu usingizi, na kuna kaunta inayouhesabu. Kila moja ina jina lake. Anayeandika programu ya kupima joto la jokofu anaweza kuchagua sawasawa anachokitaka.

macOS nayo ina amri ya uptime, na muda huo huonekana pia kwenye programu ya maelezo ya mfumo. Kwa ndani ina kaunta inayosimama mashine ikilala, na tangu 2016 ikawapa waandishi wa programu nyingine isiyosimama. Mtumiaji wa kawaida wa MacBook, anayefunga kifuniko badala ya kuzima, ataona wiki nyingi za kuwaka, na huo ni ukweli unaoeleweka.

Kaunta zina historia yake ya kujaa. Windows 95 na 98 zilihesabu milisekunde kwa namba ya biti 32, ambayo hujaa baada ya siku 49.7, na mashine iliyofika huko iliweza kuganda. Linux za zamani zilihesabu mapigo 100 kwa sekunde, zikajaa baada ya siku 497: mashine haikuganda, ila muda wa kuwaka ulirudi sifuri. Mifumo ya leo hutumia biti 64. Waandishi wa kiini cha Linux walifanya jambo la busara: kaunta ya ndani huanzishwa dakika tano kabla ya kujaa kwa hesabu ya biti 32, ili programu yenye kasoro ianguke mbele ya mwandishi wake badala ya kungoja mwaka wa pili. Programu kongwe za biashara bado hubeba kaunta ya biti 32, ndiyo maana napendekeza mashine ya Windows yenye programu ya zamani iwashwe upya kila mwezi.

Linux nayo imewahi kujikwaa. Sekunde ya nyongeza, ile inayoongezwa mara chache ili saa za dunia zilingane na mzunguko wa dunia, ilipoingizwa mwishoni mwa Juni 2012, ikiwa saa tisa usiku wa kuamkia Julai mosi huku kwetu, seva nyingi za Linux duniani zilianza kuhangaika kwa kasoro ya kiini. Sekunde ya mwisho kuongezwa ilikuwa mwishoni mwa 2016, na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuachana na utaratibu huo ifikapo 2035.

Neno kwa wanaojivunia siku nyingi za kuwaka: mashine iliyowaka mwaka mzima huenda haijapokea marekebisho ya usalama ya kiini, kwa kuwa mengi huhitaji kuwasha upya. Mimi namba kubwa hainipi imani.

Ushahidi wa kuzimika

Windows hapa inastahili sifa kuliko inavyopewa. Kwenye kumbukumbu za matukio (Event Viewer), ambamo kila tukio lina namba yake, 6005 ni mwanzo, 6006 ni kuzima kwa adabu, 6008 ni kuzimika kusikotarajiwa pamoja na saa kulikotokea, na 41 huthibitisha kwamba mashine iliwaka bila kuzimwa vizuri. Kila adhuhuri huandikwa 6013 yenye sekunde za kuwaka. Ukichukua saa iliyotajwa ndani ya 6008 na saa ya 6005 inayofuata, una makadirio ya muda mashine ilipokuwa gizani, mradi betri ya ubaomama ni nzima. Karani asiyejua amri yoyote anaweza kufundishwa hilo.

Linux hutoa habari ileile kwa amri moja, journalctl --list-boots, inayoorodhesha kila kuwaka na rekodi yake ya kwanza na ya mwisho. Hakikisha tu kumbukumbu zinahifadhiwa kwenye diski. Katika baadhi ya mipangilio hukaa kwenye kumbukumbu ya muda (RAM) na hupotea pamoja na stima, yaani wakati huohuo unapozihitaji. macOS ina pmset -g log kwa kulala na kuamka, na kiini chake huandika namba ya sababu ya kuzimika: 5 kwa kuzima kwa kawaida, 0 kwa kukatika umeme. Habari ipo, lakini kuisoma kunadai uvumilivu.

Kwa mifumo yote mitatu, weka onyesho la saa 24. Sisi husema saa saba, skrini ikaandika 1:00, na karani mgeni akaisoma saa moja. 13:00 haina utata.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na duka au mapokezi ya hoteli na programu ya mauzo inayoendeshwa na Windows pekee, baki na Windows. Zima Fast Startup ili muda wa kuwaka uwe na maana, nunua UPS ndogo (betri ya kuishikilia kompyuta stima zikikatika), na mfundishe karani kuangalia 6008. Hakuna sababu ya kuhamia Linux kwa ajili ya saa ikiwa kazi yote itasimama.

Ukirekodi joto la chumba cha barafu, ukilinda geti kwa kamera, au mashine yako ikikaa mahali pasipo mtu wala intaneti, Linux ndiyo niliyo na imani nayo: kompyuta ndogo yenye saa ya betri, chrony, na kipokezi cha GPS dirishani. Inataka fundi anayeijua, au kijana wa nyumbani aliye tayari kujifunza. Kama hana, faida zote hizo zitalala bure.

Mpiga picha wa harusi, mwandishi, au mwongoza watalii anayetembea na laptopu yake kati ya Malindi, Watamu na Lamu atahudumiwa vizuri na macOS. Aichaji, asiiache kabatini msimu mzima. Kwa mashine ya kukaa mezani na kutoa ushahidi kwa mkaguzi, bei ya Mac haiongezi kitu ambacho nyingine hazina.

Shule yenye maabara ya Windows na intaneti dhaifu haihitaji kuchagua upande mmoja. Weka mashine moja ya Linux yenye chrony iwe seva ya saa, na nyingine zote ziulize hiyo badala ya kutoka nje. Mashine moja ikipata mtandao kwa muda mfupi asubuhi, maabara nzima itafuatana nayo.

Mwenye kompyuta ndogo ya zamani ya Linux ya biti 32, inayofanya kazi ya geti au pampu, apange kuibadilisha. Hesabu yake ya sekunde, iliyoanza 1970, itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa yetu.

Na aliyekwama bado, basi kabla ya kulipa aombe kufanya jaribio dukani: aweke saa sawa, achomoe waya wa stima, angoje robo saa, awashe bila intaneti, kisha alinganishe na simu yake. Saa ikiwa imebaki sawa, aangalie mashine inasema nini kuhusu kuzimika huko, na kama anaweza kuipata habari hiyo mwenyewe bila fundi.